Meno ya Maziwa Hayangoji Mtoto Aanze Shule

Katika kliniki yoyote ya watoto, iwe mjini Machakos au kwenye zahanati ndogo kule Masinga, kuna uchunguzi mmoja usiohitaji sindano, friji wala umeme. Mtoto analazwa mapajani mwa mama yake, muuguzi anainua mdomo wa juu kwa kidole, kisha anatazama pale jino linapochomoza kwenye ufizi. Akiona mstari mweupe uliofifia, usio na mng'ao wa jino lenyewe, ameona kuoza kunakoanza, na bado kuna muda wa kukuzuia bila kutoboa wala kung'oa chochote. Akiona rangi ya kahawia na tundu, muda huo umekwisha. Kazi yote haimalizi dakika moja.

Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki za namna hiyo katika kaunti zaidi ya moja. Nimeona mtoto akipimwa uzito na urefu, akidungwa chanjo, akitiwa matone ya vitamini A. Mdomo unafunguliwa, matone yanaingia, mdomo unafungwa, na meno yaliyomo hayatazamwi. Siwalaumu wauguzi, kwani wengi wao wanafanya kazi ya watu watatu. Ninachosema ni kwamba sote, wazazi, wahudumu wa afya na viongozi, tumekubaliana kimyakimya kwamba meno ya mtoto mdogo si sehemu ya afya yake. Makubaliano hayo yanawaumiza watoto, na ni wakati tuyavunje.

Yamejengwa juu ya sentensi ambayo wazazi wengi Ukambani wameisikia, mara nyingi kutoka kwa susu, yaani nyanya, anayeheshimika na aliyelea wengi: hayo ni meno ya maziwa, yatang'oka tu. Ni kweli yatang'oka. Swali ni lini. Jino la kwanza huchomoza mtoto akifika miezi sita hivi, na akitimiza miaka mitatu huwa na meno 20 kinywani. Ya mbele huanza kulegea akiwa na miaka sita au saba. Lakini magego ya maziwa, haya ya nyuma yanayotafuna isyo na muthokoi, hukaa mpaka miaka 10, 11, hata 12. Kwa hiyo mtoto ambaye gego lake limeoza akiwa na miaka mitatu ameandikiwa miaka saba au minane ya kuishi na jino hilo, au na pengo lake. Huo ni utoto wake karibu wote.

Na tusijidanganye kwamba jino la mtoto haliumi kama la mtu mzima. Linauma vilevile, ila mwenyewe hana maneno ya kueleza. Anakataa chakula tukadhani anadeka. Anatafunia upande mmoja. Anaamka usiku analia tukadhani ni ndoto. Akiwa PP1 ya chekechea mwalimu anamwona mtoto mzito wa kuelewa, kumbe hajalala. Tabaka gumu la nje la jino la maziwa ni jembamba kuliko la jino la kudumu, kwa hiyo ubovu ukianza hufika haraka kwenye mshipa wa fahamu, na kutoka hapo usaha huweza kuingia kwenye taya na kuliharibu jino la kudumu linaloumbwa chini yake. Mtoto aliyevimba shavu na ana homa kwa sababu ya jino anapaswa kufikishwa hospitalini siku hiyohiyo. Uvimbe wa aina hiyo ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa.

Magego ya maziwa yana kazi nyingine ambayo hatuioni. Humshikia mwenzao wa kudumu nafasi, kama abiria anayemwekea nduguye kiti kwenye matatu. Gego likiondolewa mapema, majirani husogea, na mwenye kiti akifika hana pa kukaa, ndipo anapojipenyeza kwa mbele au kwa nyuma.

Kuna pia gego ambalo wazazi wengi hulikosa kabisa. Mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno yote ya maziwa, hutokea gego la kwanza la kudumu. Halitanguliwi na kung'oka kwa jino lolote, kwa hiyo hakuna sherehe, hakuna jino la kurusha juu ya paa, na mzazi akilitazama anadhani ni la maziwa. Hilo halitarudi tena likipotea. Na linatokea katika kinywa ambacho tayari kina magego yaliyooza pembeni yake, yenye bakteria walewale na sukari ileile. Mtoto aliyeachwa mpaka miaka sita kwa sababu "yatang'oka tu" analikaribisha jino la maisha yake yote katika nyumba chafu.

Hali ya nchi inajulikana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa takriban mtoto mmoja kati ya kila wanne waliopimwa, na fizi zinazotoka damu kwa karibu watu wazima wote, yaani asilimia 98. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, lilikadiria kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya maziwa yaliyooza. Mtu akiniambia kwamba haya ni matatizo ya watu wa mijini wenye pesa za kununua chokoleti, namwomba akakague kwanza rafu za duka lolote dogo la kijijini kati ya Wamunyu na Masii. Atakuta peremende za shilingi chache, mabuyu mekundu yaliyopakwa sukari, biskuti na soda, vyote kwa bei ambayo hata mtoto anaweza kuimudu.

Ukambani si mahali ambapo watu hawakuwahi kujali meno. Gerhard Lindblom, mtafiti kutoka Uswidi aliyefanya kazi Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910, aliandika jinsi Wakamba walivyochonga meno ya mbele yakawa na ncha, kwa urembo. Jamii iliyovumilia maumivu hayo kwa ajili ya kicheko kizuri haiwezi kusemwa kwamba haithamini kinywa. Kilichobadilika ni chakula, na zaidi ya kitu kingine chochote, sukari.

Hapa inafaa tuelewe jinsi inavyofanya kazi, maana wengi wetu tulifundishwa kuhusu mdudu anayetoboa jino. Mdudu huyo hayupo. Kuna bakteria wanaoishi kwenye utando laini unaojijenga juu ya meno, na kila wanapopata sukari huitengeneza kuwa asidi. Asidi hiyo huvuta madini kutoka kwenye jino kwa muda wa nusu saa hivi, kisha mate huisafisha na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea. Mtoto anayekunywa chai yenye sukari mara moja pamoja na mlo hulipa jino lake nafasi ya kupona. Anayetembea na chupa ya juisi kuanzia asubuhi, akimeza funda baada ya funda, halipi nafasi hiyo hata kidogo. Kwa hiyo idadi ya mara ambazo utamu unaingia kinywani ina uzito kuliko hata kiasi cha sukari chenyewe. Na usiku, mate yanapopungua mtoto akilala, chupa ya maziwa au ya uji wenye sukari inayobaki mdomoni hufanya uharibifu mkubwa kuliko yote. Ndiyo sababu meno yanayoanza kuoza kwa watoto wa mwaka mmoja au miwili ni yale manne ya mbele juu, yanayolowa kwenye chupa, huku ya chini yakikingwa na ulimi.

Nikifika kwenye chupa ya usiku sauti yangu inashuka, kwa sababu najua ni nani anayeitumia. Fikirieni mama anayeshona nguo katika kiwanda cha EPZ kule Athi River. Anatoka nyumbani gizani, anamwacha mtoto kwa mama wa mtaa anayelea watoto wengi katika chumba kimoja, anarudi gizani. Mtoto akilia saa nane za usiku, chupa ndiyo inayomwezesha mama huyo kupata usingizi wa kumfikisha kazini kesho. Kumhubiria kuhusu uzazi bora ni ukatili. Kinachomfaa ni jambo analoweza kufanya bila kukosa usingizi: abakize chupa, lakini ndani yake aweke maji matupu. Akitaka, apunguze utamu pole pole kwa wiki mbili tatu, maziwa yakiongezwa maji kila usiku mpaka mtoto asijue yalipoishia. Watoto hulalamika siku chache, kisha huzoea.

Kuna sukari nyingine tusiyoihesabu, ile ya dawa. Dawa nyingi za maji za kikohozi na za homa zimetiwa utamu ili mtoto azikubali, na mara nyingi hutolewa kabla tu ya kulala. Zikihitajika zitolewe, ila mtoto anyweshwe maji baadaye au meno yake yapigwe mswaki tena. Na kuna mate yetu wenyewe. Bakteria wanaoozesha meno, mtoto hazaliwi nao. Huwapata kwa wanaomlea, kwenye kijiko kilichoonjwa na mama, kwenye chuchu ya chupa iliyolowekwa mdomoni mwa susu ili kuisafisha. Mama mwenye matundu kinywani akitibiwa, mtoto wake amekingwa kabla hata hajaota jino.

Kuhusu kupiga mswaki, maelezo ni mafupi kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya jino kutoka, fizi zifutwe kwa kitambaa safi kilicholowa maji. Jino la kwanza likionekana, mswaki mdogo laini uanze, mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usikosekane. Dawa ya meno iwe na floridi, na namba iliyo kwenye kisanduku ndiyo ya kusoma, isipungue 1000 ppm. Picha za wanyama na ladha ya stroberi havina maana yoyote kama floridi haimo. Kwa aliye chini ya miaka mitatu kiasi kilingane na punje ya mchele; kwa wa miaka mitatu hadi sita, mbegu ya njegere. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki. Na mtu mzima ndiye apige mswaki huo, au asimamie na kurudia, mpaka mtoto afike miaka saba au minane. Mtoto wa miaka minne anayeweza kuushika mswaki hajaweza bado kusafisha meno kwa kuushika huko. Kwa mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, kikombe kimoja kinatosha nyumba nzima. Kijiti cha mukayau, mti ambao pwani huitwa mswaki, humfaa mtu mzima anayejua kukitumia; hakichukui nafasi ya dawa yenye floridi kwa mtoto mdogo.

Fizi zina kosa lake la kawaida. Mzazi anaona damu kwenye mswaki wa mtoto, anaogopa, anaacha kumpiga mswaki "mpaka zipone". Fizi zinazotoka damu mara nyingi zinatoka damu kwa sababu ya utando uliokaa hapo, na zitapona kwa kusafishwa, taratibu, kila siku. Zikiendelea kutoka damu licha ya usafi wa wiki moja au mbili, aonwe na daktari. Kuna ugonjwa unaoitwa noma, unaowapata zaidi watoto wa miaka miwili hadi sita wenye utapiamlo, ambao huanza kwenye ufizi tu na kisha kula shavu zima kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023. Ni nadra, lakini katika eneo letu ambapo mvua ikikosa misimu miwili njaa inabisha hodi, ufizi wenye kidonda na harufu mbaya kwa mtoto dhaifu si wa kungojewa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Katika sehemu za Kenya, Tanzania na Uganda, mtoto mchanga akipata homa na kuhara, kuna watu wanaoamini kwamba chanzo ni "meno ya nailoni". Humfungua mdomo, huona uvimbe mweupe ndani ya ufizi pale chonge la maziwa linapoumbwa, na kulichimbua kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli, bila ganzi, bila usafi. Kile wanachokitoa na kukionyesha kama mdudu au nailoni ni jino changa lisilo na hatia. Matokeo yake ni damu nyingi kwa mwili mdogo, pepopunda, maambukizi ya damu, na kwa anayepona, chonge la kudumu lililopinda au lisilotokea kabisa. Uganda wanayaita ebinyo. Kwa jina lolote, ni jeraha kwa mtoto mgonjwa ambaye alihitaji maji ya chumvi na sukari na safari ya hospitali.

Imani hiyo ina ndugu yake mpole zaidi, ile inayosema kuota meno huleta kuhara na homa kali. Nyanya zetu hawakukosea walichokiona: mambo hayo hutokea wakati mmoja. Karibu na miezi sita mtoto huanza kutambaa, kutia kila kitu mdomoni na kula vyakula vingine, huku kinga aliyopewa na mama ikipungua. Hapo ndipo kuhara kunapotoka. Kuota meno huleta mate mengi, kuwashwa kwa fizi na mtoto kukosa raha, basi. Homa ya juu itafutiwe sababu yake, isibebeshwe jino. Na yule mtoto ambaye meno yake ya juu yametangulia ya chini, ambaye pwani zamani aliitwa kigego na kuonwa kuwa ni mkosi, hana kasoro yoyote. Ni mtoto tu.

Mavoko kuna suala la ziada. Baadhi ya visima vya kuchimbwa kule Athi River na viunga vyake vina floridi nyingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji hayo na kupikiwa uji kwayo katika miaka ya kwanza, meno yake ya kudumu yanapoumbwa ndani ya taya, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hautayaondoa. Utafiti ule wa 2015 ulikuta madoa ya namna hiyo kwa watoto wanne kati ya kumi. Wanachekwa shuleni kwamba ni wachafu, na si kweli. Kuchemsha maji hakusaidii, kwa vile floridi haivukizwi. Maji ya mvua yakikingwa kwa ajili ya mtoto yanasaidia, au kuchanganywa na ya kisima. Lakini mzigo wa kupima visima si wa mama, ni wa anayetoa leseni na kuuza maji.

Wapo watakaosema kaunti ina ukame, ina saratani, ina migomo ya madaktari, na mimi naleta habari za miswaki. Nawajibu kwa Katiba. Sehemu ya pili ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti huduma za afya za kaunti, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Zote tatu zipo chini ya paa moja. Gavana mmoja anaweza kuagiza kwamba mtoto anayekuja kwa chanjo ya surua ya miezi tisa na ya miezi 18 atazamwe meno, na aliyekutwa na mstari mweupe apakwe floridi hapohapo. Anaweza kuagiza kwamba PP1 na PP2 wapige mswaki pamoja na walimu wao kila siku. Anaweza kuwafundisha walezi wa vile vyumba vya Athi River. Hatutafuti sheria mpya wala wizara mpya.

Na inawezekana. Uskoti, mwaka 2003, watoto wasio na dalili za kuoza meno wakianza darasa la kwanza hawakufika nusu, walikuwa asilimia 45. Mpango uitwao Childsmile ukaweka kupiga mswaki kwa usimamizi katika shule za chekechea, na kufikia 2018 walikuwa asilimia 71. Ufilipino, nchi isiyo tajiri, imeingiza mswaki wa kila siku katika shule za umma pamoja na kunawa mikono na dawa za minyoo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa za lazima, pamoja na kimiminika cha floridi na madini ya fedha ambacho hupakwa kwenye tundu kwa dakika chache, bila mashine ya kutoboa, na kusimamisha kuoza. Hulipaka jino weusi, jambo ambalo mzazi aelezwe mapema. Lakini mtoto wa Yatta mwenye jino jeusi lisilouma ana nafuu kuliko mwenye jino linalomliza usiku, akisubiri nauli ya kwenda mjini ili ling'olewe.

Rasimu ya mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari kila mwaka, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Wadi za Machakos ni 40. Mkutano wa bajeti ukifika katika wadi yenu, nendeni, mkiwa na swali moja: mwaka huu, mmetenga shilingi ngapi kwa miswaki na dawa ya meno ya watoto wa chekechea na kwa uchunguzi wa meno kliniki? Msiondoke kabla jibu halijaandikwa. Na leo jioni, kabla mtoto hajalala, mwinueni mdomo wa juu mtazame.